Kumi Hadi Moja: Msimtoe Hesabuni Chalii wa Ngaramtoni

Kila msimu wa marathoni za nje ukikaribia, Arusha ubishi huwa mmoja. Mtu anafungua simu, anasoma orodha ya walioalikwa kwenye mbio fulani za Asia au Ulaya, anamkuta Mtanzania mmoja tu, tena mkiani, na muda wake bora umezidiwa dakika nne na wa yule aliye juu kabisa. Simu inarudi mfukoni, hukumu inatoka: "Huyu anaenda kusindikiza wenzake." Kijiwe kizima kinaitikia.

Mimi siitikii. Ila kwanza tuelewane tunabishania nini. Siongelei zile marathoni kubwa saba za dunia, yaani Tokyo, Boston, London, Sydney, Berlin, Chicago na New York. Huko mwenye nafasi ya chini akialikwa, ashukuru, afunge kamba za viatu, akimbie. Naongelea daraja linalofuata: mbio za kulipwa zenye lebo ya Shirikisho la Riadha Duniani, zenye zawadi ya kueleweka, ambazo mabingwa wakubwa huzipitia mara mojamoja. Hapo ndipo chalii wa Ngaramtoni, au dada wa Sakina, anapoweza kula. Nahesabu kutoka kumi kwenda moja, dogo kwenda kubwa. Mengine yanamjenga, mengine yanambomoa, na yote nayaweka mezani.

10. Viatu

Tangu mwaka 2017 viatu vyenye bamba la kaboni ndani ya soli vimebadilisha mbio za barabarani. Sheria ikaja ikasema soli isizidi unene wa milimita 40. Sheria haikusema lolote kuhusu bei. Kwa hiyo vijana wengi wa hapa huvipata vikiwa vimeshavaliwa, ama kwenye mitumba, ama kwa kaka aliyerudi kutoka Ulaya na jozi za ziada kwenye begi. Kiatu kilichokwisha kukimbia marathoni mbili hakirushi tena kama kilivyorusha siku ya kwanza.

Sasa geuza hoja. Mtu anayekimbia 2:10 kwa kiatu cha mkono wa pili, muda wake una akiba ndani. Mpe kipya, halafu tuongee. Nakubali, ni nusu hoja, ndiyo maana iko namba kumi.

9. Vifodi

Anayefanya mazoezi kandokando ya barabara ya Namanga saa kumi na mbili asubuhi ameshahitimu somo la kukimbia kwenye msongamano. Kifodi kinachomoka bila ishara, bodaboda inapita kulia na kushoto kwa wakati mmoja, mbuzi wanavuka kwa ratiba yao wenyewe. Mtu huyo akisukumwa kwenye meza ya maji kilomita ya 15 hashtuki. Ameshasukumwa na wakubwa zaidi.

8. Mwinuko

Hapa ndipo wabishi wanapojiona wamenishika. "Arusha mjini ni mita 1,400 tu," wanasema, "na Iten kule Kenya ni mita 2,400. Hewa yenu nyepesi iko wapi?" Ipo. Toka mjini, pandisha Ngaramtoni, ingia njia za vumbi za msitu wa miti ya kupandwa pale Olmotonyi, endelea kuupandia mlima. Meru ina mita 4,566, na barabara za miteremko yake hazijawahi kumwonea mtu huruma. Kila ukidhani umefika juu, unakuta kona nyingine na mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani akikuangalia kwa masikitiko.

Uzuri wa Arusha ni kwamba juu na chini viko karibu. Mbio ndefu za Jumapili zinafanyika mlimani, kwenye udongo laini unaohurumia magoti. Mazoezi ya kasi yanafanyika chini, kwenye hewa nzito kidogo, miguu isisahau kwenda haraka. Anayeishi juu kabisa mwaka mzima analazimika kusafiri kutafuta kasi. Chalii wetu anateremka tu.

7. Orodha ya ubora, na tiketi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ubishi wote unapozaliwa.

Orodha ya ubora ya dunia kwa marathoni hutengenezwa hivi: yanachukuliwa matokeo mawili bora ya mkimbiaji ndani ya miezi 18, kila moja likiwa na pointi za muda na pointi za nafasi aliyomaliza, kisha unapigwa wastani. Na mbio zenye hadhi kubwa zinatoa pointi nyingi za nafasi kuliko mbio ndogo. Soma tena polepole. Matokeo mawili. Miezi 18. Mbio zenye hadhi.

Sasa mchukue kijana wa Ngaramtoni. Ili apate tokeo la kwanza anahitaji mwaliko, na mwaliko unakuja kupitia wakala mwenye namba za waandaaji. Akiupata, anahitaji viza, na balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa basi, na huko anaweza kuambiwa arudi wiki ijayo na karatasi moja zaidi. Akiipata viza, anahitaji tiketi. Marathoni yenyewe mwili unaimudu mara mbili, labda tatu kwa mwaka. Safari moja ikikwama, nusu ya mwaka wake wa kazi imekwenda. Mbili zikikwama, mbele ya orodha hayupo kabisa, hata kama jana tu alikimbia kilomita 35 kutoka Olmotonyi mbavu zikiwa hazijamuuma.

Kwa hiyo ukiona jina liko chini, umesoma habari za safari zake kabla hujasoma habari za miguu yake. Kijana wa mji wenye mawakala wengi ana nafasi nne za kujaribu wakati wetu ana moja. Namba zao zinawekwa kwenye safu moja kana kwamba walianzia mstari mmoja. Hili linaniudhi, na nalisema wazi: wenye makampuni Arusha, wanaodhamini kila tamasha lenye jukwaa na spika, tiketi mbili za ndege kwa mwaka kwa mkimbiaji mmoja zingeisogeza orodha hii kuliko mabango yao yote. Kabla ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mwanamarathoni wetu Alphonce Simbu alipata mdhamini wa mazoezi, akaenda akamaliza wa tano. Huo ndio mfano, nao hauhitaji ufafanuzi wangu.

6. Chakula

Loshoro, ndizi, ugali, maziwa mgando. Namba sita imejaa, tuendelee.

5. Wanaolipwa kuvuta kasi

Hili linambomoa, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona linavyorudiwa.

Mbio nyingi za daraja hili huajiri wakimbiaji wa kuvuta kasi hadi kilomita ya 30. Kundi la mbele likiombewa kasi ya dakika 2 na sekunde 55 kwa kilomita, hiyo ni hesabu ya kumaliza kwa saa 2 na dakika 3. Chalii wetu ana muda bora wa 2:09 na nusu, yaani dakika 3 na sekunde 4 kwa kilomita. Tofauti ni sekunde tisa. Sekunde tisa unasema nini? Ndani ya kilomita 30 ni dakika nne na nusu za kujikopesha, na mkopo huo unadaiwa kuanzia kilomita ya 32, kwa riba, mbele ya kamera.

Kinachomponza ni runinga. Anajua kwamba nyumbani wanaangalia, anajua picha inakaa kwenye kundi la kwanza, anataka wamwone hata kilomita 15. Dogo, tutakuona mwishoni! Kundi la pili lina kasi yako, lina watu wa kukukinga upepo, na litaokota kila aliyejitia ubingwa mapema. Nafasi ya tano inalipa. Kilomita 25 za mbele kabisa hazilipi hata nauli ya kifodi.

4. Njia na joto

Hapa sasa napandisha sauti.

Tarehe 15 Januari 2017, Mumbai. Marathoni yenye joto, unyevu wa bahari, na kilima cha Peddar Road kinachomngoja mkimbiaji. Simbu alifika huko bado si jina la kutisha. Alikuwa na nafasi ya tatu ya Lake Biwa na ile ya tano ya Rio. Akashinda kwa 2:09:32, sekunde 18 mbele ya Joshua Kipkorir wa Kenya. Angalia muda huo. Mwaka uleule kulikuwa na makumi ya wanaume duniani wenye muda mzuri kuliko huo. Mumbai siku hiyo hawakuwepo, au walikuwepo na jua likawasikiliza shida zao.

Miezi mitatu baadaye alikuwa wa tano London kwa 2:09:10, na Agosti mwaka uleule akachukua shaba ya dunia, kwenye mji huohuo wa London. Njia ilianzia kwenye mbio za daraja la pili zilizochaguliwa vizuri.

Kuchagua ndiko kwenye siri. Muda bora ni kitu cha njia tambarare na asubuhi ya baridi. Kwenye njia yenye vilima na jua, muda bora wa wengine unabaki hotelini. Na nani amefundishwa vilima kama mtu aliyekua na Meru mgongoni? Hata karibu nyumbani, Marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, inayokimbiwa tangu mwaka 2003, inampandisha mtu kuelekea Mweka wakati miguu imeshaanza kulalamika. Aliyeivuka hiyo akiwa na tabasamu, mpelekeni popote penye kilima.

Najua Mtanzania mwenzetu Gabriel Geay anaweza kunipinga. Yeye alikwenda Valencia mwaka 2022, njia tambarare kama sakafu, akakimbia 2:03:00, wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum. Sawa, kaka, wewe ni wa pande zote. Hata hivyo mwaka uliofuata alikwenda Boston, kwenye vilima vinavyojulikana duniani kote, akawa wa pili tena, na Eliud Kipchoge siku hiyo alimaliza wa sita. Vilima, wabishi. Vilima.

3. Kundi, na mshahara

Mkimbiaji peke yake ni mtu anayechelewa kuamka. Kundi la wakimbiaji kumi ni saa ya ukutani: saa kumi na moja na nusu wako barabarani, na asiyetokea ataulizwa na kila mmoja wao. Aliye na 2:08 anamvuta wa 2:12, wa 2:12 anamfukuza wa 2:15, na siku ya mbio ndefu wote wanarudi na vumbi lilelile usoni.

Kuna na jambo la jeshi. Bila JWTZ, JKT, Polisi na Magereza, riadha ya nchi hii ingekuwa hadithi fupi sana. Juma Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi. Mshahara wa kila mwezi unampa mkimbiaji kitu ambacho hakuna kiatu kinachotoa: uwezo wa kukataa mbio mbaya. Asiye na mshahara atakimbia nusu marathoni tatu za zawadi ndogo ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu mtoto anadaiwa ada, na ataifikia ile marathoni moja muhimu akiwa ameisha. Msimlaumu. Mpeni kazi.

2. Waliotangulia

Kwa wale wanaosema nafasi ya chini ni hukumu, naomba dakika chache.

Mwaka 1978, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton. Gidamis Shahanga, kijana wa miaka 20, anampita mwishoni Jerome Drayton wa Canada mbele ya Wakanada wenyewe, anachukua dhahabu ya marathoni. Nani alikuwa amemtabiria? Mwaka 2002, Manchester: Francis Naali, dhahabu ya marathoni. Mwaka 2006, Melbourne: Samson Ramadhani, dhahabu ya marathoni. Michezo ya Madola haina uzito wa Olimpiki, hilo nalikubali bila kusukumwa. Lakini Wakenya wapo, Waaustralia wapo, Waingereza wapo, na dhahabu tatu zimekuja Tanzania. Huko daraja la pili tumejenga nyumba.

Mwaka 2005 peke yake unatosha kufunga mdomo wa kijiwe. Agosti, Helsinki, Christopher Isegwe anachukua fedha ya marathoni ya dunia. Oktoba, Edmonton, ndiyo, mji uleule wa Shahanga, Fabiano Joseph anakuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa 1:01:08, baada ya kuwa wa pili miaka miwili mfululizo. Edmonton ijengewe mnara Arusha.

Na Septemba 2023, Berlin. Hizo ni mbio za daraja la kwanza, nazitaja kwa makusudi. Dunia nzima ilikuwa inamwangalia Tigist Assefa akivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53. Nyuma yake, akiwa wa tatu, akakata utepe wake wa kimyakimya Magdalena Shauri: 2:18:41, rekodi ya taifa. Siku moja kabla ungetaja jina lake kwenye ubashiri, wangekuuliza ni nani. Siku moja baadaye walijifanya wanamjua tangu shule ya msingi.

1. Mita za mwisho

Kwa miaka mingi hapa ndipo tulipolia. Boston 1988, Ikangaa alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:44 dhidi ya 2:08:43. Sekunde moja baada ya kilomita 42! Mwaka uliofuata akaenda New York akashinda kwa 2:08:01, lakini ile sekunde ya Boston wazee wetu bado wanaisimulia kwa kushika kichwa. London 2017, shaba ya Simbu ilikuwa sekunde mbili tu kutoka kwenye fedha ya Tamirat Tola.

Kisha ukaja mwaka 2025. Aprili, Boston: Simbu na Cyprian Kotut wa Kenya wanafika mstarini kwa muda mmoja, 2:05:04, na Simbu ndiye anayepewa nafasi ya pili. Tarehe 15 Septemba, Tokyo, marathoni ya ubingwa wa dunia, joto la kuchemsha. Wanaingia uwanjani watatu: Iliass Aouani wa Italia, Amanal Petros wa Ujerumani, na mtu wetu. Petros anachomoka, utepe anauona. Simbu anamfuata hatua kwa hatua, na kwenye mstari Petros anaanguka chini na hakuna uwanjani anayejua nani ameshinda mpaka picha isomwe. Wote 2:09:48. Tofauti: sekunde 0.03. Bingwa wa dunia wa kwanza wa Tanzania katika mashindano hayo.

Muda aliotumia kushinda dunia nzima ulikuwa sekunde 16 nyuma ya ule aliotumia kushinda Mumbai miaka minane kabla. Joto, kundi linalovutana bila haraka, na vita ya mwisho ya mita 300. Hiyo ndiyo sura ya mbio nyingi za daraja la pili zisizo na wavuta kasi, na hiyo ndiyo namba moja yangu: ukimfikisha mkimbiaji wa Arusha kilomita ya 42 akiwa bado na wenzake, namba iliyoandikwa mbele ya jina lake haina kazi tena. Kuna machalii pale Ngaramtoni ambao tangu Septemba ile kila zoezi wanalimalizia kwa kukimbizana hadi nguzo ya umeme ya mwisho, wakigombania ile 0.03.

Basi utabiri wangu huu hapa, uandikeni. Njia tambarare, asubuhi ya baridi, wavuta kasi hadi 30: nampa nafasi ya sita hadi ya kumi, na ya nne ikiwa atawasikiliza wazee akae kundi la pili. Njia yenye kilima na jua la saa tatu: tatu bora. Hakuna wavuta kasi, kuna joto, na kilomita ya 42 bado wako watatu: nampa ya kwanza, na anayebisha alete soda mezani kabla utepe haujakatwa.